Mtoto Aliyejenga Ukuta Sebuleni

Mama alimimina chai katika vikombe vitatu, akarudisha kifuniko cha birika, kisha akamwambia mtoto, "Mwambie baba yako chai iko tayari." Baba alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, karibu kiasi kwamba mvuke wa birika ulimfika usoni. Aliendelea kufunga vifungo vya mikono ya shati. Mtoto akageuka, akasema, "Baba, chai iko tayari," na baba akajibu, "Mwambie mama yako asante, ila sukari leo imezidi." Mtoto akageuka tena. Alikuwa na miaka sita na shingo laini kwa mazoezi.

Wazazi hao walikuwa hawajasemezana moja kwa moja tangu mtoto alipojua kuunganisha sentensi. Kabla ya hapo walisemezana kwa shida, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine. Kuhusu chanzo, kila mmoja alikuwa na chake: baba alitaja maneno aliyoambiwa mbele ya wageni, mama alitaja maneno ambayo hakuambiwa aliporudi kutoka kujifungua. Hawakuwa watu wakorofi. Baba alikuwa mpima ardhi, mwenye sifa ya kusuluhisha migogoro ya mipaka ambayo wenzake waliikimbia. Mama alikuwa mfamasia, na foleni ya dirisha lake ilikuwa ndefu kuliko nyingine kwa sababu aliwaeleza wagonjwa kila kitu, kwa upole na kwa kirefu. Nyumbani walilala kitanda kimoja wakiwa wamepeana mgongo, na taa ilizimwa na aliyekuwa karibu nayo.

Kazi ya mtoto ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana. Mama akisema, "Mwambie baba yako hana haya," ujumbe ulifika hivi: "Mama anasema umechelewa." Baba akisema, "Mwambie mama yako aache makelele," ulifika: "Baba amechoka kidogo." Hakuna aliyemfundisha. Matokeo yake ni kwamba kila mzazi aliamini mwenzake amepoa siku hizi, na wote wawili waliiona ndoa yao kuwa na nafuu kuliko nyingi walizozijua.

Shangazi yake mtoto, dada mkubwa wa baba, alikuwa fundi cherehani na aliishi nyumba ya pili. Yeye alimwita mtoto Redio. "Haya, Redio, taarifa ya habari inasemaje leo?" alikuwa akiuliza huku amebana pini kwenye midomo, na mtoto alikuwa akimsomea habari zote, kwa sauti ya mama na kwa sauti ya baba, bila kupunguza kitu. Kwa shangazi hakukuwa na haja ya kupunguza.

Siku moja ya mvua, mama akiwa chumbani anapiga pasi, alimpa mtoto ujumbe mfupi wa kumpelekea baba sebuleni. Kati ya chumba na sebule kulikuwa na korido nyembamba. Mtoto aliingia kwenye korido upande mmoja na hakutokea upande wa pili. Baba alipokwenda kuchungulia, alimkuta amesimama katikati, mdomo umefungwa, mashavu yamejaa kama mtu aliyebeba funda la maji. Baada ya muda mashavu yalishuka. Mdomo haukufunguka, isipokuwa kwa kula.

Baba alitaka sana kujua ule ujumbe ulikuwa unasemaje. Lakini mtu pekee ambaye angeweza kumtuma akaulize ndiye huyo huyo aliyenyamaza. Mama, kwa upande wake, hakuurudia.

Nyumba ikakwama. Gesi iliisha na baba hakujua. Maji yalitangazwa kukatwa na mama hakujua. Waliishi hivyo wiki nzima, kisha baba akaenda kwa dada yake kuomba msaada wa muda.

"Mimi si posta," alisema shangazi bila kusimamisha cherehani. "Kaka, unapima mashamba ya watu kutoka mto mpaka mlima, umeshindwa kupima hatua mbili mpaka kwa mkeo?"

"Dada, usianze."

"Sijaanza. Wewe ndiye hujaanza."

Daktari wa koo alimulika, akaona koo zuri sana. Daktari wa masikio naye akayasifu masikio. Mwalimu wa darasa ndiye aliyewaelekeza kwa mtaalamu wa tiba ya mchezo, ambaye ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la fotokopi, na sakafu yake ilitetemeka kidogo kila mashine ilipofanya kazi. Mtaalamu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu vya chini na madoa ya rangi kwenye mikono ya sweta. Mama alimwita Daktari, baba alimwita Mwalimu, na yeye hakumsahihisha yeyote.

Siku ya kwanza aliwaita wazazi peke yao. Kulikuwa na viti vitatu. Walikaa vya pembeni, wakaacha cha katikati, na kila walipotaka kusema jambo walikitazama kwanza.

"Mtu mzima akiwa na lake moyoni hutafuta wa kuzungumza naye," alisema mtaalamu. "Mtoto hutafuta cha kuchezea. Vitu vilivyo humu ndani ndiyo maneno yake. Mimi simfundishi kucheza. Yeye ataongoza, mimi nitafuata na kumwonyesha kwamba nimeona."

"Kwa hiyo, Mwalimu, kazi yako ni kumtazama," alisema baba.

"Ni kumtazama vizuri."

"Dozi yake?" aliuliza mama.

"Mara moja kwa wiki, saa ile ile, chumba kile kile. Msimcheleweshe, na msimnyime kwa sababu amekosea nyumbani. Hii si zawadi ya kumpa akiwa mzuri."

"Na madhara?"

"Anaweza kuwa mkaidi zaidi kabla hajatulia, mvumilieni. Akitoka humu msimuulize amecheza nini. Akitaka kusema, atasema. Msimtume aje acheze kitu fulani. Na vitu vya nyumbani vikihama, msivirudishe kwa nguvu."

"Vitahamia wapi?" aliuliza baba, akitoa kalamu.

"Anakotaka yeye. Hutokea kwa watoto wanaobeba mengi. Kuna familia ilikaa muhula mzima na bafu sebuleni. Walizoea."

Mama aliuliza kama hali hiyo ina jina. Mtaalamu akasema ina jina refu, lakini haliongezi kitu.

"La mwisho," alisema. "Sehemu kubwa ya tiba hii iko kwenu. Nitataka kuwaona ninyi pia, wote wawili pamoja, mzungumze."

"Hilo ni la lazima kabisa," mama alimwambia mtaalamu.

"Bila hilo ni kazi bure," baba alimwambia mtaalamu.

Wiki iliyofuata mtoto aliletwa. Chumba cha kuchezea kilikuwa na sanduku la mchanga, wanyama wa plastiki, udongo wa rangi wa kufinyanga, kapu la vitalu vya mbao na nyumba ya wanasesere iliyo wazi upande mmoja, ili vyumba vyote vionekane. "Humu unaweza kucheza karibu kila unavyotaka," mtaalamu alimwambia. "Kisichofaa, nitakuambia." Kisha akakaa kwenye mkeka. Mtoto alisimama mlangoni akisubiri kuambiwa la kwenda kumwambia mtu. Halikuja. Alipochoka kusubiri, alichutama mbele ya nyumba ya wanasesere, akatoa kiti kimoja kimoja, akavipanga vyote juu ya paa.

"Viti vyote vimekwenda juu," alisema mtaalamu.

Mtoto akamtazama kuona kama kuna swali linafuata. Halikufuata. Akaongeza na stuli.

Kwenye ngazi mama aliuliza, "Umecheza nini, mwanangu?" Garini baba aliuliza, "Wamekuchezesha nini?" Walipofika nyumbani viti vilikuwa juu ya paa, vimepangwa mstari mmoja, na stuli mwishoni. Baba alileta ngazi akaviteremsha. Kufikia wakati wa chakula vilikuwa vimerudi. Basi wakala wamesimama, na baada ya siku chache mama aligundua kwamba kula umesimama kunasaidia usagaji wa chakula, akawa anawashauri hivyo na wagonjwa wake.

"Angalau paa limepata wageni," alisema shangazi alipopita na kitambaa begani. "Ndani humo wageni tuliacha kuja zamani."

Katika kipindi kingine mtoto alimchukua mwanasesere mama, akamwinamisha sikioni mwa mwanasesere mtoto, akamwacha hapo kwa muda. Kisha alifinyanga udongo wa kijani kuwa kitonge kidogo, akakishindilia mdomoni mwa mwanasesere mtoto kwa kidole gumba.

"Ameambiwa kitu," alisema mtaalamu, "na sasa kipo mdomoni."

Mtoto alitikisa kichwa kukubali. Hakukitoa.

Mama, ambaye alijua dawa isipofanya kazi haraka mtu hufikiria kuongeza kipimo, alinunua nyumba ya wanasesere kubwa kuliko ile ya ghorofani, yenye taa zinazowaka kweli. Aliiweka kwenye kabati la sebuleni. Kwa kuwa mtoto hakuigusa, mama aliipanga mwenyewe: akamkalisha baba mezani, na mama mezani, wakitazamana. Hakuna kilichohama. Usiku ule baba alipita hapo, akamgeuza mwanasesere baba akatazama dirishani. Asubuhi mama akamgeuza akatazama meza. Jioni baba akamsogezea mwanasesere mama kikombe. Kesho yake mama akakirudisha kikombe kabatini, kisha, baada ya kufikiri, akakitoa tena na kukiweka katikati ya meza. Hayo yalikuwa mazungumzo yao marefu zaidi kwa miaka kadhaa, lakini hakuna kati yao aliyeyachukulia hivyo, na mtu wa usafi alipokuja akafuta vumbi na kuwapanga wanasesere wote kitandani, yakaishia hapo.

Vipindi viliendelea. Kila mtoto alipoondoka, mtaalamu alirudisha vitu vyote mahali pake, kama kazi yake inavyotaka, ili mtoto anayefuata akute chumba kilicho sawa. Hilo halikubadilisha kitu nyumbani kwa mteja yeyote. Kilichokuwa na nguvu ni mkono wa mtoto mwenyewe.

Ukuta aliujenga katika kipindi cha alasiri. Alilivuta kapu la vitalu mpaka mbele ya nyumba ya wanasesere, akaanza mlango wa mbele, akaendelea kurudi nyuma, safu juu ya safu, mpaka darini. Alifanya kazi polepole, ulimi ukionekana pembeni mwa midomo. Kitanda cha wakubwa kilipomzuia, hakukisogeza. Alikipitishia ukuta katikati. Chumba kidogo cha mwisho alikizunguka. Alipomaliza, baba alikuwa upande mmoja, mama upande mwingine. Mwanasesere mtoto alimtoa nje kabisa, akampeleka kwenye sanduku la mchanga, akampa kijiko awe anachimba. Mwisho akaingiza ukucha mdomoni mwa mwanasesere huyo, akakitoa kile kitonge cha kijani, ambacho mtaalamu hakuwa amekigusa, akakitupa kwenye pipa la taka.

"Hakuna mlango," alisema mtoto. Sauti yake ilikuwa inakwaruza kidogo kwa kukaa bila kutumika.

"Umejenga ukuta usio na mlango," alisema mtaalamu.

"Ndiyo."

Jioni hiyo, mtoto alitema kitonge cha udongo wa kijani kwenye sinki la jikoni, akaomba maji ya kunywa. Mama alimpa. Alikiokota kitonge, akakitazama, akakitambua. Yalikuwa ni maneno yake ya siku ile ya mvua: Mwambie baba yako simhitaji tena. Alifungua bomba, kikaenda na maji.

Wakati huo ukuta ulikuwa umeshasimama. Ulianzia mlango wa mbele, ukapita katikati ya sebule, ukaingia chumbani na kukigawa kitanda kwa urefu, bila hata kuchana shuka vibaya. Rangi zake zilikuwa nyekundu na buluu, kama vitalu. Ulimwachia baba mlango wa mbele na choo, ukamwachia mama jiko, mlango wa nyuma na bomba la kuogea. Chumba cha mtoto ulikizunguka, na ukakipa mlango mpya wa kutokea uani, ambako kulikuwa na lundo la mchanga safi ambalo halikuagizwa. Baba alileta vifaa vyake vya kazi, akaupima kwa ncha zote. Ulikuwa umenyooka. Alisema katika maisha yake hajawahi kuona mafundi wakisimamisha ukuta wima namna ile, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumpelekea sifa hizo upande wa pili, alizisema mwenyewe.

Mkaguzi wa majengo wa baraza la mji alikuja, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akauliza kibali kiko wapi. Alipoelezwa kwamba mjenzi ana miaka sita na yuko kwenye tiba, alisema kuta za aina hiyo haziko chini ya idara yake, akaomba maji ya kunywa, akaenda.

Shangazi ndiye aliyelalamika. "Mmoja anakuja kuoga, mwingine anakuja chooni... hapa, wifi," alimwambia mama aliyekuwa amesubiri mlangoni na karatasi ya chooni, "hapa kwangu pamekuwa stendi. Ongeeni basi mpange hata zamu."

"Wifi, ongea na kaka yako."

"Unaona? Na wewe tena. Mimi nilishasema si posta."

Lakini mtoto alikuwa akiongea. Aliongea shuleni mpaka mwalimu akamhamisha kiti. Alimweleza shangazi kuhusu mdudu aliyemkuta mchangani, mdudu mwenyewe, si nani alisema nini kuhusu mdudu. Alimwambia baba kwamba jino linacheza. Alimwambia mama kwamba hapendi sketi ya shule, inawasha. Zilikuwa ni habari zake mwenyewe, na wazazi walizisikiliza kwa mshangao mdogo, kama watu wanaosikia mlio wa saa iliyokuwa ukutani siku zote. Alicheka sana. Alinenepa.

Kila mzazi alijaribu kumtuma. "Zunguka uani umwambie baba yako mafuta ya taa yaletwe," mama alisema. Mtoto alitoka, akafika kwenye mchanga, akakaa, akachimba. Alipoitwa kula, ujumbe ulikuwa bado uko pale pale ulipoachwa. "Zunguka umwambie mama yako pasi iletwe," alisema baba, nayo ikaishia mchangani. Hakukataa. Alikuwa tu na kazi nyingine.

Mtaalamu aliwaita wote wawili. Aliondoa kiti cha katikati kabla hawajafika.

"Mtoto wenu amesema," aliwaambia. "Amelisema kwa vitalu, lakini limeeleweka hata kwa mkaguzi. Hataki kuwa njia ya kupitia. Ukuta utapungua wenyewe siku mtakapokuwa hamumhitaji katikati. Leo nataka jambo dogo. Kila mmoja amwambie mwenzake sentensi moja. Yoyote. Hata ya hali ya hewa."

Mashine ya fotokopi ilifanya kazi chini, sakafu ikatetemeka, ikatulia.

"Mwalimu, mwambie kwamba mimi..." alianza baba.

"Hapana."

"Sijamaliza."

"Ndiyo maana nimewahi."

"Daktari," alisema mama, "labda tungeanza na kitu chepesi."

"Hali ya hewa ni nyepesi."

Baba alikohoa, akatazama nje. "Kuna mawingu," alisema.

"Umeliambia dirisha."

"Ni kweli, yapo," mama aliuambia mkoba wake.

Mtaalamu alisema huo ni mwanzo, na kwamba wiki ijayo wataendelea kuanzia hapo. Wiki ijayo mama alikuja asubuhi peke yake, na baba alikuja mchana peke yake. Hawakuwa wamepanga, hawakuwa na namna ya kupanga. Walileta ombi moja.

"Ukuta hauna neno, tumeshauzoea," alisema mama. "Ila ungekuwa na kamlango. Kadogo tu, kimo cha mtoto. Ungemwelekeza aweke."

"Si lazima niweze kupita mimi," alisema baba, na akatandaza mezani mchoro uliopigwa kwa rula. "Mtu mzima hana haja ya kupita hapo."

Kwa mama na kwa baba mtaalamu alijibu vile vile: mchezo wa mtoto hauagizwi, ukiagizwa unakuwa kazi, na huyu alishafanya kazi ya kutosha. Mama alisema amemwelewa vizuri. Baba alisema amemwelewa vizuri. Wote walimshukuru kwa muda wake.

Mama alimwambia mtoto habari za mlango alipokuwa akimsuka, kwa sauti ile ile aliyotumia dirishani kwa wagonjwa. Hakumlazimisha. Alimuuliza tu kama hangependa mama amwone akiwa kwa baba. Baba alimwambia kwenye mchanga, akichora kwa kijiti. Naye hakumlazimisha. Alimweleza jinsi mlango mdogo unavyohitaji kizingiti imara. Mtoto aliwasikiliza wote wawili kwa adabu. Jioni hiyo hakumweleza shangazi habari za mdudu.

Alipofika kwenye chumba cha kuchezea, vitalu vilikuwa kapuni kama kawaida. Alivua viatu, akampeleka mwanasesere mtoto mchangani, akaujenga ukuta upya kuanzia mlango wa mbele mpaka mwisho, haraka, kama mtu anayerudia somo. Kisha akasimama wima, mikono mgongoni.

"Mama anasema niweke mlango," alisema. Ilikuwa sauti ya mama, mpaka na ile pumzi anayovuta kabla ya neno la mwisho. "Baba anasema uwe mdogo, usije ukadhoofisha ukuta." Hiyo ilikuwa ya baba.

"Mama anataka mlango," alisema mtaalamu. "Baba anataka uwe mdogo. Na wewe?"

Mtoto aligeuka nyuma kuona anayeulizwa ni nani. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Mimi nilikuwa nataka kuchimba," alisema hatimaye.

"Ulikuwa unataka kuchimba."

"Nitachimba baadaye."

Alipiga magoti, akachomoa kitalu kimoja chini ya ukuta, na kingine juu yake, kwa uangalifu, akitazama visianguke vya juu. Kanuni za kazi yake zilimtaka mtaalamu afuate pale mtoto anapoongoza. Hazikueleza afanye nini mtoto anapoongozwa. Alisema, "Umeweka mlango," kwa kuwa ndilo jambo lililokuwa limetokea. Mtoto alimtoa mwanasesere mtoto mchangani, akampangusa mchanga magotini, akamsimamisha kwenye uwazi ule. Muda ukaisha.

Mama alipiga simu kesho yake kusema wameridhika sana na kwamba mtoto amepona. Mtaalamu alimwambia kipindi hiki ndicho kigumu, kwamba tiba haikatwi ghafla, kwamba mtoto huhitaji angalau nafasi ya kuaga chumba na aliyekuwa naye ndani yake. Mama alikubaliana naye kabisa. Yeye mwenyewe, alisema, kila siku huwakumbusha watu wamalize dawa hata wakijisikia nafuu. Hawakurudi. Kwa shukrani zao, walimpelekea wateja wengine wawili, majirani, ambao nao mtoto wao alikuwa amenyamaza.

Mlango ulikuwa umetokea sebuleni, chini ya rafu ya vitabu upande wa baba, na pembeni mwa friji upande wa mama. Haukuwa na ubao, ulikuwa uwazi tu, nadhifu, wenye kizingiti. Siku ile ulipotokea, mama aliinama kuangalia umefikia wapi. Aliona viatu, kisha magoti, kisha uso, kwa sababu baba naye alikuwa ameinama. Miezi mingi ilikuwa imepita bila nyuso zao kukaribiana hivyo. Baba aliona kwamba miwani ya mama ilikuwa mipya. Mama aliona kwamba alikuwa amekonda, na kwamba chini ya kidevu alisahau kunyoa. Walibaki hivyo, kila mmoja ameshika upande wake wa ukuta. Mama alifungua mdomo. Baba naye alifungua mdomo. Wakamwita mtoto, kwa pamoja, kwa jina lile lile, na kwa sauti ya juu ili asikie kutoka uani.

Alikuja bila kukawia, akasimama mlangoni. Wakubwa wakarudi nyuma kidogo kumpisha.

"Mwambie baba yako amesahau kunyoa hapo chini," alisema mama.

Mtoto akageuka. "Baba, mama amekuona."

"Mwambie mama yako hiyo miwani ni mikubwa."

Akageuka tena. "Mama, baba pia amekuona."

Mama akashika fremu ya miwani. Baba alipeleka kiganja kati ya kichwa cha mtoto na kizingiti cha juu, akakuta vidole viwili vinapita kwa shida. Alisema mtoto anakua, na kwamba mwakani mlango utabidi uinuliwe. Kisha akamwambia amwambie mama yake.